Sarafu za Fedha za Nyakati za Misukosuko: Mwongozo kwa Mkusanyaji wa Nakivale na Mbarara

Kwa nini zipimwe kabla ya kusomwa

Katika Kiswahili neno fedha hutaja vitu viwili, madini meupe ambayo sonara huyafua kuwa pete na bangili, na mali inayohesabiwa sokoni, na vitu hivyo viwili vilikaa ndani ya sarafu moja bila kutengana mpaka vita na mabadiliko ya tawala yalipozilazimu serikali kuyapunguza madini na kuliacha jina palepale. Kwa sababu hiyo mkusanyaji anayetaka kuzielewa sarafu za nyakati za misukosuko hana budi kuzipima kabla ya kuzisoma, kwa kuwa maandishi ya sarafu husema kile ambacho mtawala alitaka kiaminiwe, ilhali uzito wake husema kile alichoweza kulipa.

Mfano ulio karibu ni rupia. Rupia ya Uhindi, iliyoenea pwani katika karne ya 19 na kuingia bara pamoja na misafara, kisha pamoja na reli ya Uganda iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 na usafi wa 917, yaani katika kila sehemu 1000 za sarafu hiyo sehemu 917 zilikuwa fedha halisi na zilizosalia zilikuwa shaba iliyotiwa ili kuiongezea ugumu. Ndiyo rupia iliyotajwa katika Mkataba wa Buganda wa 1900, ulioweka kodi ya rupia tatu kwa kila nyumba. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha na bei ya fedha ikapanda mno, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwezi Desemba 1919, ilitoa florini ya mwaka 1920 yenye uzito uleule wa gramu 11.66, ila usafi wake ukiwa 500 tu. Na shilingi iliyoifuata, ambayo sarafu zake za kwanza zina mwaka 1921, ilikuwa na gramu 7.78 na usafi wa 250, yaani robo.

Baada ya Vita vya Pili hata robo hiyo iliondolewa. Shilingi ya 1946 na ile ya 1948 zina simba yuleyule mbele ya milima ileile, na kwa asiyejua ni ndugu wa toka nitoke, lakini ya kwanza ina fedha karibu gramu mbili na ya pili ni shaba na nikeli tupu. Tena ya pili imepoteza maneno yaliyomtaja mfalme wa Uingereza kuwa mtawala wa Uhindi, kwa kuwa Uhindi ilikuwa imejipatia uhuru mwaka 1947. Mwenye sarafu hizo mbili kiganjani ameshika kuporomoka kwa dola kwa gharama ndogo sana, na jozi hiyo ni mwanzo bora wa mkusanyo kuliko reale moja ya Maria Theresa, ya bei kubwa na isiyojulikana ilikotoka.

Sarafu zinazoweza kukutwa

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilo, yalitambuliwa rasmi mwaka 1960 yakiwahifadhi waliokimbia Rwanda, na tangu hapo yamewapokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, kila kundi likitoka katika nchi iliyopitia sarafu zake za fedha na misukosuko yake. Anayekimbia hubeba kilicho kidogo chenye thamani. Hiyo haimaanishi kwamba kila nyumba ya Juru au Rubondo makazini humo ina hazina chini ya godoro. Sarafu hizi ni chache, na anayeahidi kuleta mfuko mzima kesho asubuhi yafaa atiliwe shaka.

*Reale ya Maria Theresa.* Ni sarafu kubwa ya takriban milimita 40, yenye gramu 28.07 na usafi wa 833, iliyotumika pwani, Uhabeshi na nchi za Bahari ya Shamu. Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini kwa kuwa wafanyabiashara waliizoea sura hiyo na kuikataa nyingine, sarafu iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka huohuo 1780, si Vienna tu bali hata Rome, London na Bombay. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilijipatia haki ya kuipiga. Kwa hiyo anayedai kwamba reale yake ina umri wa karne mbili na ushei kwa sababu tu imeandikwa 1780 huenda hasemi uongo kwa makusudi, ila huenda pia sarafu yake ni ya wakati wa babu yake.

*Rupia ya Kijerumani.* Rwanda na Burundi zilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na rupia yake, iliyoanza kupigwa mwaka 1890 kwa jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ina sura ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai, kwa uzito na usafi uleule wa rupia ya Uhindi. Kuanzia 1904 serikali yenyewe ilishika kazi hiyo na rupia ikagawanywa katika heller 100, ambako Kiswahili kilipata neno hela. Vita vilipozuia meli kufika, Wajerumani walipiga sarafu zao Tabora mwaka 1916, hela 5 na hela 20 kwa shaba na aloi zake, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, kabla ya majeshi ya Ubelgiji kuuteka mji huo mwezi Septemba. Hela za Tabora hazina fedha, lakini zimebeba historia nzito kuliko rupia nyingi nyeupe na bei yake ni nafuu. Mkusanyaji asiyeziweka kwa sababu tu si fedha anajinyima.

*Faranga za Kongo.* Faranga tano za mfalme Leopold II, za kati ya 1887 na 1896, ni nadra, na kwa hiyo ndizo za kushukiwa kwanza. Inayostahili kutafutwa ni faranga 50 ya mwaka 1944 yenye tembo, gramu 17.5 na usafi wa 500, ambayo ilipigwa Pretoria kwa kuwa Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani na koloni lililazimika kuagiza sarafu zake kwingine.

*Rupia ya Somalia ya Italia.* Ilipigwa kati ya 1910 na 1921 ikiwa na sura ya mfalme Vittorio Emanuele III, kwa vipimo vilevile vya rupia, yaani gramu 11.66 na usafi wa 917. Kipimo kimoja kilitawala kutoka Mogadishu hadi Bujumbura, jambo linalomrahisishia kazi mpimaji.

*Za Uganda yenyewe.* Shilingi tano ya mwaka 1972, yenye pande saba, haina fedha hata chembe, na inatajwa hapa kwa sababu mara nyingi huuzwa kwa jina la fedha. Ni ya mwaka uleule ambao Waasia walifukuzwa na Mbarara ikashambuliwa na waliokuwa uhamishoni Tanzania. Karibu zote zilirudishwa na kuyeyushwa, na kwa hiyo bei yake hutokana na uchache wake, wala haitokani na madini.

Namna ya kuipima sarafu

Vifaa vinavyohitajika si vingi: mizani midogo ya aina inayotumiwa na masonara, inayosoma gramu kwa desimali mbili, rula ya milimita, sumaku, kioo cha kukuzia, bilauri ya plastiki, na uzi mwembamba. Mizani ndiyo isiyokwepeka, na anayeshindwa kuinunua ni afadhali asinunue sarafu kwanza.

1. Sarafu ishikwe kwa ukingo, kamwe si kwa uso, juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa maana sarafu iliyoanguka kwenye sakafu ya saruji hupata jeraha lisilopona na muuzaji ana haki ya kudai fidia.

2. Sumaku isogezwe. Sarafu ikinaswa, si fedha, na kazi imekwisha. Isiponaswa, bado hakuna kilichothibitishwa, kwa sababu hata shaba na risasi hazinaswi.

3. Uzito upimwe mara tatu na kuandikwa. Rupia iliyopita mikono mingi hupungua sehemu ndogo ya gramu, na hilo ni la kawaida; ikipungua gramu nzima, au ikizidi gramu 11.70, kuna jambo.

4. Upana upimwe. Rupia ina takriban milimita 30.5, na sarafu yenye uzito sahihi lakini nene kuliko kawaida au pana kuliko kawaida hudokeza madini mengine.

5. Sarafu ipimwe ndani ya maji, kwa utaratibu ulioelezwa kwenye kisanduku kinachofuata.

6. Ukingo uzungushwe chini ya kioo. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu, badala ya kupigwa kwa mtambo, mara nyingi huacha mstari mwembamba unaozunguka ukingo, vitundu vidogo usoni na herufi zilizolegea kama sabuni iliyotumika. Reale halisi ina maandishi yaliyoinuka kwenye ukingo. Yenye ukingo mtupu au wa mistari tu haifai.

7. Mwisho ndipo picha na maandishi vilinganishwe na picha za kuaminika, herufi kwa herufi, pamoja na alama ya kiwanda, ambayo kwa rupia za serikali ya Kijerumani ni A kwa Berlin na J kwa Hamburg.

> KISANDUKU: KIPIMO CHA MAJI
>
> Kila madini yana msongamano wake, yaani uzito wa kipande chenye ujazo uleule. Bilauri yenye maji huwekwa juu ya mizani na mizani kurudishwa kwenye sifuri. Sarafu hufungwa kwa uzi na kuzamishwa yote ikining'inia, bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayotokea ni ujazo wa sarafu, na uzito wa sarafu ukigawanywa kwa namba hiyo hutoa msongamano.
>
> Rupia ya gramu 11.66 hutoa takriban 1.13, yaani msongamano wa 10.3. Sarafu ya shaba na nikeli yenye uzito uleule hutoa takriban 1.31. Reale ya gramu 28.07 hutoa takriban 2.75.
>
> Kosa la kawaida ni viputo vya hewa vinavyoganda kwenye sarafu, ambavyo huongeza namba na kuifanya fedha halisi ionekane bandia. Tone moja la sabuni ya maji huviondoa. Baada ya kipimo sarafu ikaushwe kwa kugandamizwa na kitambaa laini, bila kusuguliwa.

Kipimo cha maji kina faida nyingine isiyo ya kisayansi, kwamba hufanyika mezani mbele ya muuzaji, naye huiona namba kwa macho yake, hivyo mabishano ya bei hupungua. Kukwaruza sarafu kwa msumari, kuichovya kwenye tindikali au kuikata ili kuona ndani ni mbinu za kiwandani zisizofaa kwa sarafu ya kukusanywa, kwani humaliza shaka na sarafu kwa pamoja.

Daftari la asili

Asili ya sarafu, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni mfululizo wa mikono iliyopitia hadi kumfikia mkusanyaji. Katika nchi zenye amani ndefu asili huthibitishwa kwa risiti na wosia, lakini hapa hali ni tofauti: mji wa Mbarara wenyewe ulibomolewa sehemu kubwa baada ya wanajeshi wa Tanzania kuuteka mwezi Februari 1979, na waliofika Nakivale usiku hawakubeba mafaili. Sarafu isiyo na karatasi si lazima iwe ya wizi, ila ushahidi wake pekee ni maneno ya aliyeitunza, na maneno hayo yasipoandikwa siku ile ya mauzo hupotea moja kwa moja, na mkusanyaji hubaki na kipande cha madini.

Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, mkusanyaji amsalimu mwenye sarafu kama inavyopasa, amwite mzee au mama kwa umri wake, aketi, na aombe kusimuliwa. Kinachoandikwa kitenganishwe katika mafungu mawili, kilichopimwa na kilichosemwa, na neno “anasema” lisiachwe hata mara moja. Huu ni mfano wa kubuni unaoonyesha ukurasa mmoja:

> *Na. 14.* Rupia ya Kijerumani, 1910, herufi J. Gramu 11.58, maji 1.12; msongamano 10.3. Tundu dogo juu ya kofia, limezibwa kwa risasi. Imenunuliwa Juru, siku ya soko, mchana, mashahidi wawili. Muuzaji ni mama wa Kirundi; jina limo kwenye hati ya mauzo tu. Anasema iliachwa na babu mzaa baba, Ruyigi. Anasema mama yake aliishona kwenye pindo la kitenge walipovuka kwenda Tanzania mwaka 1972. Anasema tundu lilitobolewa ili aivae akiwa mtoto. Ameomba nakala ya picha.

Tundu lile, ambalo katika orodha za bei hupunguza thamani, ndilo linaloipa hadithi nguvu, na mkusanyaji mwenye busara hulinunua kwa furaha. Nambari ya kitambulisho cha mkimbizi, picha ya uso wake na mahali anapolala visiandikwe katika daftari linalotembezwa, kwa kuwa daftari likipotea humwonyesha mwizi njia.

Bei ya haki

Kila sarafu ina bei mbili, ya madini na ya ukusanyaji, na bei ya madini ndiyo sakafu ambayo mnunuzi mwaminifu hashuki chini yake. Hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa usafi, kisha kwa bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo. Bei ya dunia hutangazwa kwa wakia ya masonara, ambayo ni gramu 31.1, hivyo igawanywe kwanza. Ikiwa, kwa ajili ya hesabu tu na si kama bei ya soko, gramu moja ni shilingi 4,000 za Uganda, rupia ya ukurasa uliotangulia ina gramu 11.58 × 0.917, yaani gramu 10.62 za fedha, na sakafu yake ni shilingi 42,480. Kinachoongezwa juu ya hapo hutegemea uchache, hali ya sarafu na asili yake.

Hesabu hiyo ifanywe kwa sauti na kwenye karatasi ambayo muuzaji ataondoka nayo. Wakati mgawo wa chakula unapopunguzwa, watu huuza walichokihifadhi kwa vizazi ili walipe ada au dawa, na anayenunua kwa nusu ya bei ya madini wakati huo hakusanyi historia, anachuma njaa. Desturi nzuri ni kumwachia muuzaji siku 14 za kuikomboa sarafu yake kwa bei ileile aliyoiuza. Desturi hiyo isigeuzwe kuwa mkopo wenye riba, kwa kuwa kukopesha kwa riba nchini Uganda kunahitaji leseni.

> KISANDUKU: MAHALI PA KUSITA
>
> ☐ Muuzaji ni mtoto, au ametumwa na mtu asiyetaka kuonekana.
> ☐ Sarafu ni nyingi, za aina moja, na zote zina mikwaruzo mahali palepale.
> ☐ Udongo bado umeganda kwenye herufi na muuzaji hasemi alichimba wapi.
> ☐ Mauzo yanatakiwa yafanyike usiku, au ndani ya gari lililo barabarani.
> ☐ Hadithi inabadilika inapoulizwa mara ya pili.
> ☐ Sarafu ya dhahabu ya Tabora inauzwa kwa bei ya mbuzi.

Alama moja hapo juu inatosha kuahirisha, na mbili zinatosha kuondoka.

Sheria na mahali pa kuuliza

Tangu sheria ya mwaka 1967 Uganda imelinda vitu vya kale vyenye thamani ya kihistoria, na kitu cha aina hiyo hakitolewi nchini bila kibali. Kilichofukuliwa ardhini, hasa karibu na mahame ya kale kama Ntusi na Bigo bya Mugenyi, si cha kununuliwa, bali ni cha kutolewa taarifa, kwa kuwa sarafu iliyong'olewa mahali pake imekwisha kupoteza nusu ya ushahidi wake. Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, lililoanzishwa mwaka 1908, ndipo mahali pa kuuliza kuhusu vibali. Kwa aliye Mbarara, makumbusho ya Igongo, Biharwe, kwenye barabara ya Masaka, ni ya karibu kwa anayetaka kuona jinsi vitu vya kale vya kusini-magharibi vinavyopangwa na kuelezwa. Masonara wa mjini wanaweza kuulizwa juu ya madini, lakini wasiulizwe juu ya historia, na wasiachiwe sarafu “waisafishe kidogo”.

Uhifadhi

Weusi unaofunika fedha ya zamani hutokana na salfa iliyo hewani, na mkusanyaji hauondoi, kwa sababu huukinga uso na huonyesha kwamba sarafu haijasuguliwa. Majivu, limau, dawa ya meno na mchanga laini, ambavyo hutumiwa majumbani kung'arisha sufuria na bangili, huacha mikwaruzo au madoa yasiyofutika na kuishusha sarafu hadi bei ya madini. Sarafu yenye uchafu wa kawaida iloweshwe kwenye maji safi ya uvuguvugu usiku mzima na kukaushwa kwa kugandamizwa, basi.

Kila sarafu iwe na bahasha yake ya karatasi nyeupe isiyo na rangi, ikiandikwa nambari ya daftari kabla ya sarafu kuingizwa, kwa maana kalamu huacha alama kwenye fedha kupitia karatasi. Bahasha zipangwe zikiwa zimesimama ndani ya kopo lenye kifuniko, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya, vikibadilishwa kila msimu wa mvua. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali, inayotumika kwa albamu za bei rahisi, huacha ute wa kijani. Mipira ya kufungia noti ina salfa, na huchora mstari mweusi juu ya fedha hata kupitia karatasi. Kopo lisikae jikoni kwenye moshi wa makaa, wala chumba kimoja na betri ya sola, na daftari lisikae pamoja na kopo.